Kilio Kisicho na Msiba

Kutoka Tunduru mpaka Mwanza nilibadili basi mara kadhaa, na kila nilipobadili nilijiambia kwamba bado naweza kurudi. Songea nililala stendi nimekumbatia begi. Iringa baridi ilinikuta na shati la mikono mifupi. Baada ya Singida niliacha kuuliza tumefika wapi. Nikawa natazama tu mbuga na ng'ombe na mbuga tena, hadi tulipopita Misungwi na mawe makubwa yakaanza kupandana kando ya barabara. Nilishuka Buhongwa, pembeni mwa jiji la Mwanza, miguu imevimba, viatu havifungiki.

Aliyeniita ni mwanamke niliyeigiza naye ujanani, tulipokuwa tunazunguka vijijini na lori kuonyesha michezo ya maji safi na malaria. Yeye alitulia, akaolewa Mwanza. Mimi sikutulia. Nilikuwa nalinda ghala la korosho aliponipigia simu.

"Kaka, bado una sauti?"

"Sauti ipo. Kazi ndiyo haipo."

Alikuwa amekusanya vijana waliomaliza shule na kutaka kwenda chuo cha sanaa. Wasaili wa chuo wangefika Mwanza mwishoni mwa Juni. Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha igizo la mtu mmoja, maana hapo ndipo wengi huanguka.

Tulifanyia mazoezi ukumbi wa kanisa. Kati yao alikuwapo binti wa Misungwi, mrefu, mpole kupita kiasi, aliyeanguka usaili wa mwaka uliotangulia. Baba yake, mfugaji, alikuwa amempa nafasi moja tu ya mwisho. Akikosa, angekwenda kwa shangazi yake Kamanga, ng'ambo ya ziwa, kuanika na kuuza dagaa, na habari za chuo zisizungumzwe tena nyumbani. Siku ya kwanza alipiga goti kunisalimia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Inuka. Jukwaani hatupigi magoti."

"Huyo atawapigia hata wasaili," alisema kijana mmoja mwenye mdomo mrefu. "Nao watamwambia amina, aende kwa amani."

Wakacheka. Yeye alicheka pia, macho chini.

Igizo lake lilikuwa la mama anayeletewa habari kwamba mtoto wake amezama ziwani. Maneno aliyasema vizuri tu, kama wengine. Lakini alipofika kwenye kilio, alilia kilio cha kwao, kinachoanza chini kama mtu anayeguna kwa uzito, kisha kinapanda na kupanda mpaka huoni kitakapoishia. Nimezunguka na vikundi vingi. Sijasikia kitu kama kile. Nilimtazama rafiki yangu aliyeniita, naye akanitazama, na tulijua kwamba akiwalilia wasaili hivyo, hakuna wa kumkataa.

Kabla hajamaliza, mlango ulijaa watu. Wanawake wa jirani walikuwa wameingia, khanga zimefungwa viunoni, mmoja mikono ina unga. Nyuma yao mzee kashika shoka, tayari kwa kuni za matanga. Hawakuuliza kitu. Walikaa sakafuni wakalia, kwa sababu kule mtu hulia kwanza na kuuliza baadaye. Ndipo bibi mmoja akajifuta uso.

"Nani katutoka?"

"Hakuna, bibi," nikasema. "Ni mazoezi."

"Mazoezi ya kufiwa?"

"Ndiyo."

"Ninyi wenzetu kumbe mnafiwa kwa kujizoeza." Akainuka kwa shida, akitegemea bega la jirani yake. "Mwalimu, ukipiga kilio umetuita. Tuiteni bure hivi, siku mkifiwa kweli mtachimba kaburi wenyewe."

Jioni hiyo mzee wa kanisa alikataza kilio ukumbini.

Kesho yake nilimpeleka binti ufukweni, kwenye mawe, mbali na nyumba. Alilia. Mitumbwi miwili iliyokuwa mbali ikageuka, wavuvi wakipiga makasia kwa nguvu zote, mmoja ameshavua shati.

"Kazama wapi?" alipaza sauti. "Onyesha kwa mkono."

Nilipowaeleza, hawakutukana. Huyo aliyevua shati alikuwa bado anahema. "Mzee mzima wewe," akasema, wakaondoka.

Ikawa hakuna mahali pa kulilia. Nilijaribu kumbadilishia igizo. Nikampa mke mgomvi, akagomba kama anayesoma somo la Jumapili. Nikampa mchuuzi, ikawa vilevile. Siku zilikuwa zinakwisha. Alifanya mazoezi amejiziba mdomo kwa khanga, shingo imemtoka mishipa, na mimi usiku silali, nikimwona tayari kapiga magoti mbele ya majamvi ya dagaa. Tukaamua abaki na igizo la mama yule yule, kilio akitoe siku ya siku.

Usaili ulifanyika ukumbi wa kukodi, mjini. Wasaili walikuwa watatu. Mimi nilisimama dirishani. Alianza vizuri, akasimama wima, akawatazama usoni. Habari ikamfikia, na kilio kikatoka, chote kile kilichozibwa kwa khanga. Msaili mmoja aliweka kalamu chini. Nikajua amepita.

Kisha mlango ukafunguka. Mama ntilie wa nje aliingia na mwiko mkononi, mwenzake nyuma yake, na mfagizi wa ukumbi, miguu mitupu. Wakakaa sakafuni kumzunguka, wakalia naye.

"Endelea," alisema mkuu wa wasaili. "Usiwajali, endelea."

Endelea, nilisema moyoni. Nao wanakufaa. Walie.

Aliwatazama mmoja mmoja. Akanyamaza. Akapiga goti.

"Mama zangu, poleni. Hakuna msiba. Ni usaili."

"Haya, mwanangu," alisema mfagizi, akijifuta kwa mkono. "Mungu akusaidie." Wakatoka.

"Umetoka kwenye igizo," alisema mkuu.

"Ndiyo, mzee."

"Unajua maana yake?"

"Najua."

Nilimfuata yule mkuu koridoni, nikamwomba ampe nafasi nyingine, nikamshika hadi mkono. Hakuwa mtu mbaya.

"Kaka, watu watamkatiza maisha yake yote," alisema. "Akisimama kumjibu kila mmoja, nani atamaliza mchezo?"

Nikamwachia mkono.

Majibu yalipokuja, kijana mwenye mdomo mrefu alikuwa amepita. Binti hakupita.

Sikuweza tena kuingia ukumbi wa mazoezi. Siku aliyokwenda kwa shangazi yake tulivuka pamoja kwa kivuko, yeye akiishia Kamanga, mimi nikielekea Geita na kokote baada ya hapo. Tulikaa juu ya mizigo.

"Ungeendelea tu," nikamwambia.

"Yule wa mwisho alikuja hana viatu, mwalimu." Akatazama maji. "Wewe ungeendelea?"

"Ningeendelea."

Aliitikia kwa kichwa, bila lawama.

Kamanga shangazi alikuwa anamsubiri, beseni kichwani. Gari la Geita lilikuwa linapiga honi. Binti alimsalimia shangazi, kisha akanigeukia, akapiga goti pale penye tope kuniaga.

"Shikamoo, mwalimu."

Nikamwambia ainuke. Hakuinuka. Dereva aliniita tena, na binti alikuwa bado pale chini, akinisubiri, mpaka nilipoitikia.