Kitunga cha Maharagi ya Kwanza

Katika ensiklopedia ya mtandaoni, ile ambayo yeyote anaweza kuiandika, ukurasa wa kijiji chetu cha Bihambwe ulisema familia ya jirani yetu ndiyo iliyofika mlimani kwanza. Damu ikanichemka. Nikaifuta sentensi hiyo, nikaandika kwamba wa kwanza tulikuwa sisi, na kwenye nafasi ya sababu nikaeleza, kwa Kifaransa kizito cha ofisini, kwamba habari ile haina chanzo. Mtu fulani akairudisha. Nikaifuta tena. Siku nne nzima, mtu mzima mwenye mvi, nikipigania historia kwa kidole gumba.

Siku ya tano nikajisifu kwa Mama tulipokuwa tukichambua maharagi. Akacheka mpaka akaweka ungo chini.

“Weye! Kila mavuno tulikuwa tunapelekea nani kitunga ya maharagi ya kwanza?”

Tulimpelekea jirani huyo huyo. Kwetu, aliyepewa shamba humshukuru hivyo aliyemtangulia mlimani.

Na kitunga hicho, miaka yote ya shule ya msingi, nilikibeba mimi kichwani. Chanzo nilichokuwa nakidai kilikuwa shingo yangu mwenyewe.