Mgonjwa Hurudi Kwao

Watu hudhani sisi watawa tunazaliwa na subira. Mimi sikuzaliwa nayo, na baridi yabisi haikunifundisha. Ilinianza miaka ya sabini, muda mfupi baada ya nadhiri za kwanza, katika konventi yetu ya Iringa ambako kazi yangu ilikuwa kuoka hostia. Asubuhi za Juni vidole vilivimba hata nikashindwa kubana kile chuma cha kuokea. Masista wenzangu waliniambia nimtolee Mungu maumivu. Nilimtolea. Kesho yake yalikuwa palepale.

Nadhiri za daima zilipokaribia, mama yangu alikuja kutoka Rujewa na debe la mchele na jogoo. Kwetu, mke akiugua na nyumba ya mume ikashindwa kumponya, wazazi humfuata wakamuuguze. Baba alikwisha kufariki, kwa hiyo alinifuata yeye peke yake. Akilini mwake konventi ilikuwa ukweni kwangu. Basi alikaa ukingoni mwa kiti, na chakula hakukigusa, maana mama hali kwa wakwe wa bintiye. Mama Mkuu alidhani amekasirika, akawa anamwongezea mboga.

"Mama, sikuja kulaumu," mama yangu alimwambia. "Mmemtunza vizuri. Ila huyu ni mgonjwa, na mgonjwa hurudi kwao. Nipeni nikamuuguze. Akipona nitamrudisha mwenyewe."

Mama Mkuu hakubisha. Alijibu kwa upole kwamba bado sijafunga nadhiri za daima, kwa hiyo niko huru, na pengine ugonjwa huu ndiyo njia Mungu aliyonionyesha. Nilikuwa nimekaa katikati yao. Nikangoja aseme japo neno moja la kunizuia. Hakulisema. Iliniuma kuliko vidole, na mpaka leo sijui kama nimemsamehe.

"Mimi sirudi," nikasema.

Mama yangu akaitazama mikono yangu. "Nani atakufulia nguo?"

"Masista."

"Nani atakusuka?"

Nikacheka, kwa kuwa chini ya shela nywele zangu zilikuwa fupi kama za mvulana. Yeye hakucheka. Aliaga akaondoka, akamwacha jogoo.

Nilifunga nadhiri za daima mwaka ule ule. Sikujuta, ila kila baridi ilipokaza nilimkumbuka mama, nikaona ningekuwa kwake nisingelazimika kujikaza mbele ya mtu.

Kisha yeye mwenyewe akaanguka. Nilipewa ruhusa niende Rujewa kumuuguza. Kumuuguza gani? Sikuweza kumgeuza kitandani, wala kukamua kitambaa cha kumpangusia. Kikombe cha uji kilinishinda, nikamwagia shuka. Jirani alifanya yote, nami nikakaa pembeni na msalaba wangu kifuani, naona aibu, nalia.

Mama akamwomba jirani amwinue, amwegemeze ukutani. Akapapasa mpaka akaipata mikono yangu, akaivuta mapajani pake, akaanza kunikanda kidole kimoja kimoja. Nguvu zilikuwa kidogo sana. Nikamwambia apumzike, mgonjwa ni yeye.

"Nyamaza," alisema. "Si umerudi? Acha nikuuguze."

Alinikanda hivyo siku zote zilizombakia.