Nyumba ya Mwanangu, Jina la Kaka

Chumbani kwetu Al Nahda, Dubai, tulikuwa wanawake wanne, kila mmoja na kitanda chake na pazia lake, na wote tulikuwa tunajenga nyumbani. Tulionyeshana picha za kuta na mabati kama wengine wanavyoonyeshana wachumba. Mwenzetu mmoja, Mtanzania kama mimi, akaugua, akafa. Tulichanga, mwili ukasafirishwa, akazikwa kwao. Hata arobaini haijafika, ndugu zake walishahamia kwenye nyumba aliyoijenga, na mwanawe amepelekwa kwa shangazi asiyemjua.

Habari hiyo ilinikasirisha kwanza, kisha ikanitia hofu. Binti yangu ana miaka kumi, anaishi Tanga kwa kaka yangu. Baba yake aliondoka kabla mtoto hajaota meno, na tangu hapo mzazi ni mimi peke yangu, mzazi wa simu na mizigo.

Siku ya mapumziko nikaketi kwenye ngazi za jengo, ambako angalau hakuna masikio, nikampigia mwanasheria wa Tanga. Alikuwa dada mmoja mpole. Akanieleza kwamba wosia unasubiri mtu afe, lakini kuna amana: nyumba unaikabidhi kwa wadhamini ungali hai, wanaishika kwa ajili ya mtoto, na siku yako ikifika hakuna cha kugombania. Nikaipenda mno hiyo amana.

"Hati ina jina la nani?" akauliza.

"La kaka yangu."

"Basi, dada, kwa sasa huna nyumba ya kuweka."

Anayetaka kunicheka anicheke, lakini awacheke na wenzangu wote wa Dubai. Kiwanja hununuliwa na aliyepo, mbele ya mwenyekiti wa mtaa na mashahidi. Sisi tuko huku tunatandika vitanda vya hoteli za Garhoud. Unatuma, ndugu anasimama, na karatasi zinatoka kwa jina la aliyesimama. Kumwambia aandike lako ni sawa na kumhesabia mgeni vipande vya nyama.

Na kaka yangu si mwizi. Hilo ndilo lililonitesa. Angekuwa mwizi ningempigia kelele, maana kelele naziweza. Lakini huyu alilala kwenye msingi akilinda matofali yangu, na amemlea binti yangu pamoja na wanawe bila kunung'unika.

"Manze, andikisha hiyo nyumba mapema," akasema Mkenya wa kitanda cha jirani. "Kikulacho ki nguoni mwako."

"Huyu hanili," nikamjibu. "Ananilishia mtoto."

"Sawa. Lakini ndugu ni ndugu hadi siku ya mazishi, halafu khalas."

Nilimchukia kwa sababu alisema nilichokuwa nakiwaza.

Nikayafanyia mazoezi maneno yangu kwenye basi la wafanyakazi kwa siku kadhaa, kisha nikampigia kaka. Nikamtajia yule mwanasheria, nikamwambia nataka nyumba iwe amana ya mtoto, na yeye awe mdhamini mmojawapo.

"Mwanao si mwanangu?" akauliza.

"Ni mwanao, kaka."

"Sasa karatasi za nini? Unaniogopa mimi?"

"Naogopa kufa."

"Usijichurie, mdogo wangu. Mwenye kupanga ni Mungu."

Hapo ningenyamaza. Lakini maneno yangu hayajui kuvua viatu mlangoni. "Na wewe ukitangulia, kaka? Nyumba itakuwa urithi wa mkeo na wanao. Binti yangu atakuwa mgeni humo."

Akakata simu. Nilichosema kilikuwa kweli, na ningetoa chochote nikirudishe mdomoni.

Wiki iliyofuata mwanasheria akanipigia nikiwa kazini. Kaka alikwenda mwenyewe ofisini kwa mwanasheria, bila kusindikizwa, akasaini kuhamisha nyumba, kila karatasi, bila kusoma hata moja. Udhamini akaukataa. Ilibidi tuwaweke mwanasheria na mwenzake wa ofisini, mtu ambaye sijawahi kumwona hata picha. Nikaingia chumba cha mashuka nikalia, mpaka msimamizi akagonga mlango: "Yalla, madam wa juu anasubiri taulo." Nyumba ilikuwa imepona, na mimi nililia kama aliyefiwa.

Mwisho wa juma nikapiga simu ya kaka kuzungumza na mtoto, kama kawaida yetu. Zamani kaka alikuwa akipokea mwenyewe, ananitania kwanza kuhusu mume wa Kiarabu, ndipo anampa. Safari hii alipokea mtoto.

"Mama, mjomba anasema nyumba imeshaandikwa yangu."

"Ndiyo, mama."

"Ili ukifa nisinyang'anywe."

"Hakuna atakayekunyang'anya."

Nilisikia vyombo vikigongana, walikuwa wanakula, na sauti ya simu ilikuwa wazi kwa wote.

"Na mimi je? Ukifa, umeniandika nikae kwa nani?"

Karibu naye kaka akakohoa. Nikangoja aseme "hapa hapa, kwani wapi tena?" kama ambavyo angesema zamani bila kuulizwa. Nikangoja, simu nimeibana sikioni. Kaka hakusema kitu, na mtoto akaniuliza tena.