Bangili ya Shangazi

Jana nilipita mtaa wa Mikelenge, kwenye nyumba mpya ambamo wasichana wanafundishwa kufua bangili za kuuza, na harufu ya shaba iliyopashwa moto ikanisimamisha njiani.

Wakati wa vita nilikuwa mtoto. Babu yangu alikuwa mfua shaba, nami nilikuwa nimeketi karibu naye alipoingia kijana mwenye bunduki. Alimpa babu bangili.

"Mzee, uipanue. Haiingie ku mukono yangu."

Babu aliigeuza, akaitambua. Ilikuwa ya shangazi yangu, bintiye aliyeolewa Kailo. Babu mwenyewe alikuwa ameifunga kwa nyundo mkononi mwa binti huyo siku ya harusi, na haikuweza kumtoka mtu aliye hai bila kukatwa. Hii haikuwa imekatwa.

"Mwenyewe iko wapi?"

"Sijue. Niliiokota njiani."

Babu aliipanua, akamrudishia. Kijana alipoondoka, babu alizima moto, na nyumba yetu ikaingia matangani.

Mvua zilikuwa zimeanza shangazi alipotokea mlangoni, akitoka porini, mifupa mitupu. Mama alipiga yowe akakimbia, akidhani ni mzuka. Babu hakusogea. Alikuwa akiutazama ule mkono usio na bangili tena.

"Nilikonda, baba," shangazi akasema. "Ilitoka yenyewe. Sikusikie hata ilipoanguka."

Babu aliushika mkono wake, akauzungushia kidole gumba na cha shahada. Vikapitana. Hapo ndipo alipolia.