Nyuzi Tisini na Moja za Stoyanka

Saa moja asubuhi, Stoyanka Pencheva anaweka kidonge cha aspirini juu ya kigae, analaza juu yake ncha ya uzi wa shaba mwembamba kama unywele, kisha anaugusa kwa chuma cha moto. Moshi mchungu unapanda. Anakohoa, anageuza uso, anashika uzi wa pili. Baada ya huo zitabaki themanini na tisa.

Kila uzi umepakwa rangi ya kuzuia umeme, na aspirini ndiyo inayoila ile rangi. Isipoondolewa nchani, uzi huo umekufa. Nyuzi tisini na moja zikisukwa pamoja zinakuwa waya wa spika, unaouzwa leva 2,400 hapa mjini Samokov. Mshahara wa Stoyanka, mwenye miaka 61, ni leva 1,100 kwa mwezi.

Wateja huambiwa kwamba umeme hukimbilia ngozi ya waya na kuuacha moyo wake mtupu, hivyo nyuzi nyingi ni ngozi nyingi. Ni kweli, anasema Stoyanka, aliyesuka koili za redio miaka kumi na tisa kabla kiwanda hakijafungwa.

"Ila huo ni umeme wa redio, wenye mbio. Muziki unatembea polepole, mwanangu. Kwa waya wa mita tatu, hauna haja na ngozi zote hizo."

Angenyamaza, leo angekuwa na wenzake. Majira ya baridi yaliyopita, daktari mstaafu wa macho alileta waya wake ubadilishwe plagi. Miaka miwili alikuwa akiusifu kwa kila mtu. Stoyanka alipofungua ncha, alikuta nyuzi thelathini hazijaguswa na aspirini. Ni kazi ya mkono wake mwenyewe. Daktari akauliza mbona amebadilika uso, na Lyudmil, mwenye karakana, alikuwa amesimama pale pale.

"Theluthi nzima imekufa, daktari," Stoyanka akamwambia. "Na wewe hukusikia. Hata mimi nisingesikia."

Habari ikaenea kwa wapenzi wa muziki. Oda zikashuka kutoka arobaini kwa mwezi hadi tatu, wasukaji sita wakaachishwa kazi. Lyudmil hamsemeshi. Tsonka, mmoja wa hao sita, aliyekaa naye meza moja miaka minane, alikutana naye kwenye duka la mikate.

"Ukweli wako umetushibisha, dada Stoyanka," akasema, akaenda zake. Maneno hayo yanamuuma mpaka leo, wala hafichi.

Karakana inafungwa mwisho wa mwezi. Ameandika barua kwenda mji wa Plovdiv, kwa fundi anayesuka koili za majiko ya umeme ya kioo, ambako umeme una mbio na ngozi ya waya ina kazi kweli. Barua ina majina mawili, lake na la Tsonka. Hajajibiwa.

"Kule nyuzi thelathini zikifa, jiko linaungua," anasema, akichukua kidonge kingine. "Nataka kazi ambayo nikikosea, mtu atajua."