Mstari Haukatwi

Miaka sita nilikuwa fundi wa mitambo kwenye meli za utafiti zilizotia nanga Mombasa. Kazi yangu ilikuwa kushusha vyombo baharini na kuvipandisha vikiwa salama, wanasayansi wapate namba zao. Sheria moja niliishika kama sala: meli ikishaingia kwenye mstari wa kupima, ile njia iliyonyooka ya kwenda na kurudi, mstari haukatwi mpaka uishe. Nusu mstari ni kazi bure. Niliipenda sheria hiyo kwa sababu ilinipa haki ya kumfokea mtu yeyote, hata nahodha.

Nikaenda nayo Juba, baada ya mkataba wa amani, nilipokodiwa kupima sakafu ya Nile ili matishari yajue pa kupita. Mtambo ulikuwa uleule wa baharini, unaopiga sauti ubavuni na kuchora picha ya chini ya maji. Tuliufunga kwenye boti ndogo ukingoni, mtaa uitwao Juba na Bari. Dereva wa boti alikuwa mtu wa kabila la Bari, mwenyeji wa pale, wa makamo, mtu mpole, nami nilimsumbua kutwa nzima anyooshe usukani.

Asubuhi moja mwanamke Mganda, muuza ndizi wa soko la Konyo Konyo, alinisubiri ukingoni. Jana yake mumewe, mwendesha boda boda, aliingia mtoni kuosha pikipiki, akateleza, maji yakamchukua. Pikipiki ilibaki imesimama na povu lake.

"Fundi, hii mashini yako naona mutu chini?"

"Inaona mchanga, mama," nikamjibu, nikarukia botini.

Saa nne na dakika kumi mumewe akatokea kwenye skrini. Alilala ubavu, mkono chini ya kichwa, kivuli chake kimelala mchangani kando yake. Dereva akapunguza mwendo bila kuniuliza.

"Ya akhi, ndugu yangu, tusimame. Hii ni mutu."

"Mstari haujaisha. Endelea. Maiti haina haraka."

Nilisema hivyo kwa mdomo wangu mwenyewe, na sikuona haya. Dereva akaendelea, ila hakunitazama tena siku hiyo. Ilikuwa imebaki mistari minane. Tukaimaliza yote, ndipo tukarudi mahali pale na kulabu. Tulikokota karibu saa nzima, tukaopoa gunia lililooza.

Tulipofika ukingoni, dereva ndiye aliyemwambia yule mama, mimi nikijifanya nakunja nyaya. Mama akaja akasimama mbele yangu, akasema anataka kuona. Nikamfungulia picha. Akaigusa kwa kidole.

"Ni yeye. Bwana yangu nalalanga hivi."

Kisha akauliza namba za pembeni ni za nini. Nikamwambia ni saa ya picha: saa nne na dakika kumi. Akatoa simu yake, akaitazama: saa tisa na robo. Nilitamani apige kelele, anitukane, anipige hata kofi. Akarudisha kidole kwenye skrini.

"Na nyuma ya hapa, wewe napita tena?"

Nilipita, kwenye mstari uliofuata. Mistari yetu huingiliana kidogo makusudi, pasibaki pengo. Nikamfungulia picha ya pili. Mumewe alikuwa amesogezwa na maji hatua kadhaa, mkono umetoka chini ya kichwa.

"Ingine."

Ya tatu ilikuwa mchanga mtupu, bila doa, picha safi kuliko zote nilizopiga Juba.