Ng'ombe Niliyemchapa kwa Kulia

Nakumbuka asubuhi moja ya miaka ya tisini, mwanangu, nikiwa na kikapu cha majani chai mgongoni na hasira kichwani. Wazazi wetu walikuwa wametangulia mbele ya haki, nami niliacha shule darasa la saba niwalee wadogo zangu hapa kijijini Sosiot. Niliwalea kwa upendo, na kwa ufito pia. Mchelea mwana kulia hulia mwenyewe, nilisema, nikasahau kwamba methali haina macho.

Ng'ombe wetu mzee, Tuiya, alisimama kando ya mtaro akilia, hataki kuondoka. Nilikuwa nachelewa kupeleka majani kupimwa, basi nikamchapa. Akakimbia akitetemeka.

Kogo Tabutany, bibi jirani yetu, akafoka kutoka ng'ambo ya ua, "Wee msichana! Unampiga aliyekuita?"

Nikachungulia mtaroni. Ndama wetu wa pekee alikuwa amezama matopeni hadi shingoni. Mama yake alikufa akimzaa. Tuiya hakuwa hata ndugu yake. Niliruka ndani, nikavuta huku nikipiga kelele. Ndama akarusha mateke, akazidi kuzama.

"Nyamaza, unamtisha!" Kogo akasema. Akamrudisha Tuiya polepole, akimwimbia. Tuiya akainama, akamlamba ndama kichwani hadi akatulia. Tukapitisha kamba, tukavuta, akatoka. Mimi nikateleza nikabaki chini, tope hadi masikioni.

"Haya Tuiya," Kogo akacheka, "mlambe na huyu!"

Tulicheka sote isipokuwa mdogo wangu Chebet, aliyekuwa amejitokeza. "Dada, nilimwona ndama akianguka," akanong'ona. "Niliogopa utanichapa, nikajificha kwenye shamba la chai."

Maneno hayo yaliniuma kuliko baridi ya tope.

Daktari wa mifugo alipokuja kumkagua ndama, nilimsimulia. Akasema wanyama wanaoishi pamoja wana ubongo unaoguswa na kilio cha mwenzao, karibu kama wanavyoguswa na maumivu yao wenyewe. Wakiwa watulivu, husaidia. Hofu ikizidi, ubongo huwaamuru kukimbia tu. "Hata sisi watu," akaongeza, akinitazama. Nadhani Kogo alikuwa ameshamweleza habari zangu!

Jioni ile ufito niliutia motoni, ukachemsha chai nzuri sana.

Mwanangu, ukitaka watu wako wasaidiane, usiwajaze hofu. Moyo wa kusaidia Mungu ameshauweka ndani yao. Kazi yako ni kutouziba. Na anayelia, muulize kabla hujamnyamazisha. Mungu akupe sauti ya upole, na nyumba ambayo watoto hukimbilia kusema ukweli.